Hakuiba Fundi, Nguo Ilirudi

Ndugu msomaji, ni mara ngapi umetoka kwa fundi cherehani huku moyoni ukihesabu kitambaa unachodhani amekupunja? Wengi wetu tumekua na dhana hiyo, kwamba fundi hakosi kubakiza kipande chake. Nami nilikuwa miongoni mwao, na leo nakusimulia jinsi dhana hiyo ilivyoniaibisha mbele ya watu pale Dumila.

Dumila ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, katika barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, mahali inapochepuka njia ya Kilosa mjini. Wasafiri huukumbuka kwa nyanya na vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara. Mimi naukumbuka kwa sababu ndiko aliko mama yangu, na ndiko alikozikwa bibi yangu. Bibi aliacha khanga nane zilizochakaa. Binti yangu alipochaguliwa kwenda shule ya bweni mkoani Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha, mama alishauri khanga zile zikatwe vipande na kuunganishwa, chini iwekwe marekani mpya, katikati itandazwe pamba, upatikane mfarishi. Mtoto akalale amefunikwa na nguo za mzee wake.

Tukampelekea kazi hiyo fundi mmoja mzee mwenye cherehani yake barazani. Nikampa vipimo: urefu inchi 84, upana inchi 60. Aliipapasa ile marekani, akasema, "Mwanangu, hii ina dondo. Niachie niiloweke kwanza, ikauke, ndipo nikate." Nikamjibu kwamba sina nafasi ya kungoja maji yakauke, mtoto anasafiri karibuni. Naomba ulikumbuke jibu hilo.

Juma lililofuata mfarishi ukaletwa kwa basi. Nikaupima: inchi 81 na nusu kwa 58. Nikaguna. Kwa kuwa ulinuka dondo, nikaufua kwa maji ya moto. Ulipokauka nilishika kichwa: inchi 76 kwa 55, na upande wa khanga umejaa makunyanzi.

Jumamosi nilipanda basi hadi Dumila. Sikumwamkia mzee wa watu. Mbele ya wateja wake watatu nilimwambia kwamba ameiba nguo za marehemu.

Hakunijibu. Aliinama, akatoa mfuko chini ya cherehani, akaumimina mezani. Vilikuwamo vipande vyote vilivyobaki, hata visivyozidi upana wa kidole. "Nilivitunza," alisema, "kwa kuwa ni vya marehemu." Kisha akakata mraba wa marekani, inchi 10 kila upande, akanipa niupime mwenyewe, akautia majini na kuuanika juani.

Wakati tukingoja, alitwaa miraba mingine miwili ya kipimo hicho hicho, akaweka pamba katikati, akapiga bandi, akashona mistari kwa mistari. Nikapima tena. Robo inchi ilikuwa imetoweka kila upande, na wala mkasi haukuguswa. "Uzi unapozivuta nguo mbili juu ya pamba," alisema, "nguo hupanda na kushuka. Mwinuko ule unakula kipimo. Ukizidisha mistari, unakula zaidi."

Ule mraba wa majini ulipokauka, urefu ulikuwa inchi tisa na robo, na upana inchi tisa na nusu.

Sababu yake si uchawi. Kiwandani nyuzi za pamba huvutwa kwa nguvu zinapofumwa, hasa zile za mtande, na dondo huzisaidia kubaki zimenyooka. Zikiingia majini hunywa maji na kuvimba, dondo hutoka, nazo hujilegeza na kujipinda zaidi zinapopishana. Hapo nguo hufupika, na maji ya moto huongeza kasi. Khanga za bibi zilikuwa zimefuliwa miaka mingi, zimekwisha kurudi. Marekani ilikuwa bado. Moja ilikaa, nyingine ikavuta, ndiyo yakatokea makunyanzi. Katika karne iliyopita Mmarekani Sanford Cluett alibuni njia ya kukirudisha kitambaa kiwandani kabla hakijauzwa, lakini si kila jora la dukani limepitia huko.

Nilisimama, nikatoa "Shikamoo baba" niliyokuwa nimeinyima, kisha nikamwomba radhi mbele ya wateja wale wale, maana tusi la hadharani haliombewi radhi faraghani. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Lakini ujue, mtu akiniita mwizi hapa barabarani, kesho nani ataniletea nguo?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani. Mfanyakazi wa ofisini akisingiziwa ana faili, ana mashahidi, ana pa kukatia rufani. Fundi wa barazani ana jina lake tu, nami nililichezea kwa sababu ya inchi chache.

Vile vipande alivishona kuwa ukanda wa inchi nne, akauzungushia mfarishi wote, ukatosha kitanda. Nilimlipa bei aliyoitaja bila kuomba apunguze.

Basi, msomaji, ukitaka mfarishi, loweka kitambaa kipya usiku kucha, ukianike na kukipiga pasi kabla ya kukatwa. Usichanganye kipya na kikuukuu kabla kipya hakijalowekwa. Ongeza inchi tatu au nne katika kila kipimo kwa ajili ya mistari ya cherehani. Ukifua, tumia maji baridi, na uutandaze badala ya kuuning'iniza upande mmoja. Na ukijaza sufi badala ya pamba, itoe kabla ya kufua, kwani hufanya mabonge.

Kiswahili chetu husema nguo "imerudi" ikipungua majini, na husema mzazi "amemrudi" mwanawe akimwadibu. Siku ile nguo ilirudi, nami nikarudiwa. Fundi akikuambia ungoje siku moja, ngoja.