Barua kutoka Kyimo

Mjomba,

Nimefika salama. Kutoka Mbeya nilipanda Coaster ya Tukuyu, nikashuka Kyimo mvua ikiwa imeanza, na tangu hapo haijakatika sawasawa. Mlima Rungwe sijauona hata kidogo. Ukungu umeufunika wote, mita 2,960 zile. Nimelala kwa wenyeji wangu, nimeshiba ndizi za kupika na maparachichi, na kila ninayepishana naye njiani ananiamkia kama mtu wa ukoo. Nimeshajifunza kuitikia “ndaga fijo”.

Uliniagiza niangalie huku kama kumebaki dalili za vijiji vya ujamaa. Wewe wakati ule ulikuwa mwalimu kijana, ukapelekwa kuandikisha watu Ugogo, na habari za Rungwe mlizisikia redioni tu. Basi nimeangalia.

Ukishuka barabarani hapa unapokewa na akina mama wa ndizi. Mikungu imelazwa juu ya majani makavu, ndoo za parachichi zimepangwa pembeni, mmoja ana mwavuli uliokatika ubavu na chini yake amemweka mtoto pamoja na ndizi mbivu ili visilowe. Ukiwaacha hao ukaingia ndani, nyumba huzioni. Unapita kwenye migomba, ghafla linatokea bati, halafu migomba tena. Kila nyumba imekaa katikati ya shamba lake, kahawa nyuma, chai mteremkoni. Ile mistari ya nyumba zilizonyooka kando ya barabara, kama ya kule ulikofanya kazi wewe, hapa sikuiona.

Nilimuuliza mzee mmoja, jirani wa wenyeji wangu, walihamishwa kwenda wapi. Akanishangaa. Akasema hawakuhama. Walikuja watu wa serikali, wakataja mpaka, wakaandika majina, wakachagua mwenyekiti, na wao wakaendelea kupalilia pale pale. Ndivyo ilivyokuwa sehemu nyingi za nyanda hizi zilizojaa watu, na hata Kilimanjaro na Bukoba. Ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa, na mgomba si mahindi. Huwezi kumwambia mtu aung'oe akaupande kando ya barabara. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya 250 kwenda juu, na huku kaya hizo zilipatikana kwa kuchora mstari.

Sasa fikiria, mjomba. Mwaka 1977, katika taarifa yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitaja watu milioni 13 katika vijiji 7,684. Ndani ya hesabu ile walimo Wagogo mliowahamisha ninyi, wamo watu wa Kigoma waliohamishwa pia, na wamo wazee kama huyu wa Kyimo ambaye hakusogea hata hatua moja. Wote wameandikwa vijijini kwa kalamu ile ile. Mgeni aliyesoma idadi hiyo Stockholm au Washington aliona taifa zima limehama kwa moyo mmoja kwenda kulima pamoja. Wafadhili waliiamini picha hiyo.

Watu wengi wanapozungumzia vijiji vya maonyesho humtaja Potemkin, waziri wa Urusi anayesimuliwa kuwa mwaka 1787 alisimamisha kuta za nyumba kando ya mto ili malkia Catherine apite na kufurahi. Wanahistoria wengi wanasema hadithi hiyo ilitiwa chumvi. Lakini kijiji chetu cha maonyesho hakikuhitaji kuta za mbao. Kilihitaji barabara. Kijiji kikikaa barabarani kiongozi anakiona bila kushuka kwenye Land Rover, kwa hiyo watu walitolewa kwenye mashamba yao na maji yao wakapangwa mahali panapoonekana. Mikoa ikashindana kwa idadi. Vijiji vichache vilivyopendwa vilipewa trekta, mbolea, mikopo na maofisa, na huko ndiko wageni walikopelekwa. Jirani aliyekaa kilomita chache ndani hakupata hata jembe.

Na watu wa vijiji vyetu walikuwa wa kweli, hilo ndilo linaloniuma. Nyumba za Potemkin, kama zilikuwepo, hazikuwa na mtu wa kulala njaa ndani. Tangazo la tarehe 6 Novemba 1973 lilisema kuishi kijijini sasa ni amri, na mwisho ni 1976. Zikafuata operesheni, nyumba zikachomwa ili mwenyewe asirudi, na mwaka 1974 na 1975 nchi ikanunua mahindi nje kwa wingi. Ukame ulikuwepo, sikatai. Lakini mkulima aliyeondolewa shambani katikati ya msimu angevuna nini hata kama mvua ingenyesha?

Nakuandikia haya nikiwa na heshima yote kwa Mwalimu. Mwaka 1968, kwenye “Uhuru na Maendeleo”, aliandika wazi kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu. Aliijua hoja hiyo kuliko sisi sote. Na vijiji vya namna aliyoitaka vilikuwepo tayari. Kule kwenu Songea, vijana wa chama cha TANU walianza kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ntimbanjayo Millinga akiwa mmoja wa viongozi wao. Walilima pamoja, wakajenga shule yao iliyofundisha watoto maisha ya pale pale, wakaweka mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na chama chao, Ruvuma Development Association, kikafikia vijiji kumi na kitu. Walikuwa wakiamua mambo yao mkutanoni, na ofisa akija na amri walimwuliza sababu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakipiga marufuku. Mali ikachukuliwa, walimu wakahamishwa.

Yaani kilichokuwa hai kilifungwa, kisha miaka minne baadaye kikaanza kutafutwa kwa amri nchi nzima. Hapo mimi huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Huku Rungwe kuna jambo lingine ambalo lingetufundisha mapema. Wanyakyusa walikuwa na vijiji vyao vya rika. Godfrey Wilson na mkewe Monica waliviona miaka ya 1930, na kitabu cha Monica kuhusu hilo kilitoka 1951. Mvulana akifika miaka kumi hivi alitoka kwa wazazi, akajenga kibanda pembezoni pamoja na wenzake wa umri wake. Usiku walilala kule; chakula walikwenda kula kwa mama wa huyu leo, kesho kwa mama wa yule, kundi zima. Walikua hivyo hivyo, wakaoa, wakaleta wake zao, na kibanda kikawa kijiji. Baadaye ilifanywa sherehe ya kuwakabidhi nchi, wazee wakakaa pembeni. Kula pamoja na kujenga pamoja kulikuwa kazi ya maisha yao, hakuna aliyewapangia nyumba wala kuwahesabu kwa ajili ya ripoti. Vijiji hivyo havipo tena. Ardhi ilibana, kahawa ikaja, vijana wakaenda migodini kutafuta fedha.

Maonyesho, hata hivyo, hayajaisha. Siku hizi bado tunapaka chokaa mawe ya kando ya barabara kiongozi akikaribia, lakini ninakiri kuna nafuu: viongozi wa mbio za Mwenge wa Uhuru wamewahi kukataa hadharani kuzindua mradi mbovu. Hilo lisingewezekana 1975, na nalipongeza.

Mjomba, nina ombi. Wewe uliyaandika majina yale kwa mkono wako, na unajua kijiji gani kililima kweli na kipi kililimiwa siku ya mgeni. Wenzako wengi wameshatangulia. Chukua daftari, andika kijiji baada ya kijiji, nani alikuja mwenyewe na nani alibebwa kwenye lori. Usiogope kuandika mabaya wala usifiche mazuri. Nikirudi nitaketi nawe tuyapige chapa.

Msalimie shangazi na wote nyumbani.

Mpwa wako.