Dereva wa Siku Moja katika Njia ya Bara



Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwenda bara, akishavuka Makupa na kuipanda Changamwe, huingia katika mji mwingine ambao haumo katika habari tunazowasimulia wageni wetu. Hapana milango ya nakshi wala baraza za mawe. Kuna malori. Yamejipanga kuanzia Changamwe hadi Jomvu na Miritini, mengine yamebeba makontena, mengine yamebaki vichwa vitupu. Kati yake wamo kina mama wauzao mahamri na mbaazi, mafundi wa matairi, na vijana walioketi juu ya magurudumu mabovu, simu mkononi, wakingoja kuitwa. Vijana hao ndio tuliokusudia kuandika habari zao leo, kwa kuwa wengi wao ni wana wetu na waume wa dada zetu, na nyumbani hatuijui vyema kazi wanayoifanya.

Wao huitwa deiwaka. Deiwaka ni dereva asiye na mwajiri wa kudumu. Humshikia usukani mwenye lori kwa safari moja au mbili, pale dereva wa kawaida anapougua, anapopatwa na msiba, au anapokuwa amechoka tu. Akirudi hulipwa, na mara nyingi jina lake halimo katika daftari lolote.

Mambo haya yana historia yake. Reli mpya ya SGR ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, na hasa serikali ilipoagiza mwaka 2019 kwamba makontena yaendayo bara yapandishwe garimoshi, malori mengi yalilala na watu wakaandamana mjini Mombasa. Septemba 2022 amri ikageuzwa, shughuli za mizigo zikarudishwa bandarini kwetu. Malori yakarudi barabarani. Ama mishahara ya mwezi, kwa tuliyoyaona mitaani mwetu, haikurudi yote. Mwenye lori aliyekwisha kuzoea kuishi kwa kubahatisha alijifunza pia kuajiri kwa kubahatisha.

Sheria ya nchi haikunyamaza juu ya madereva. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, hutoa leseni kwa madaraja: mwenye B ni wa gari dogo, mwenye C ni wa lori, na avutaye tela hapana budi awe na CE. Dereva wa gari la biashara haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Mwendo wa lori mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Uzito wa gari na mzigo pamoja, kwa lori la ekseli 7, usizidi tani 56, na mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye imewekwa njiani ili kuhakikisha hilo. Haya yote yameandikwa. Lisiloandikwa popote ni nani amfundishe deiwaka lori ambalo hajawahi kuliona, usiku wa leo, kabla ya alfajiri ya kesho.

Zamani kazi hii ilikuwa na chuo chake, nacho kilikuwa ndani ya lori lenyewe. Kijana alianza kwa utanboi. Aliosha gari, akatia grisi, akalala chini ya tela kulinda mzigo, akaweka mawe nyuma ya magurudumu lori likikwama mlimani, akakata matawi na kuyatandaza barabarani ili wajao nyuma wajue kuna gari bovu mbele. Miaka ikipita, dereva wake humwachia usukani uwanjani, kisha lori likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Hatusemi kwamba njia ile ilikuwa safi. Wengi walishika usukani kabla ya kushika leseni, na hilo halikubaliki kisheria wala kiakili. Lakini aliyetoka katika chuo kile alilijua lori kama mvuvi aijuavyo ngalawa yake. Leo kijana hupata leseni kwa kuendesha lori la shule, halina mzigo, mchana, barabara imenyooka. Halafu simu hulia.

Mwaka huu tulialikwa Voi kwa shughuli ya nikaha, takriban kilomita 160 kutoka Mombasa, na kijana mmoja wa mtaani kwetu akatuomba tusafiri naye. Alikuwa ameitwa saa ya adhuhuri kulipeleka lori hadi Malaba, mpakani mwa Uganda. Tulikubali kwa kuepusha gharama, tuseme kweli, na pia kwa hamu ya kuyaona yale tunayoyahubiri watu bila kuyajua.

Tulimkuta Miritini akilizunguka lori lile polepole. Alikuwa na chuma kifupi mkononi, akigonga kila tairi na kusikiliza mlio wake. Alitazama maji na mafuta ya injini. Alivuta vishikio vilivyo chini ya matangi ya upepo, maji machafu yakatoka yakichuruzika, kwa sababu lori kubwa hufunga breki kwa nguvu ya upepo, na maji yakijaa ndani nafasi ya upepo hupungua. Alipita pembe nne za kontena akitikisa makomeo. Aliinama chini kuitazama ile sahani ya chuma ambapo tela hukutana na kichwa, akaimulika kwa tochi ya simu kuona kama ndoano imefunga kweli. Kisha akampigia simu dereva wa kawaida, ambaye alikuwa hospitalini, akamwuliza swali ambalo hatukulitarajia: “Lori lako lina tabia gani?” Akajibiwa kwamba likishikwa breki ghafla huvuta kushoto, na kwamba gia ya tatu ni ngumu kuingia injini ikiwa baridi.

“Maalim,” alituambia, “lori hili mimi silijui, nalo halinijui. Tukijuana barabarani, tutajuana kwa ubaya.”

Akawasha injini hadi mshale wa upepo ukapanda juu kabisa, akaizima, akakanyaga breki na kuushikilia mguu pale pale. Mshale ukaanza kushuka. Tukasikia sauti nyembamba kama ya nyoka, chini, palipo na mipira ya upepo iendayo kwenye tela. Akashuka na kusema hatuondoki.

Wakala wa mwenye lori hakufurahi. Alisema lori hilo limekwenda Kampala mara mbili mwezi uliopita na hakuna aliyelalamika. Alisema mzigo una muda wake. Mwisho akasema neno ambalo kila deiwaka hulijua: “Wapo kumi wanaongoja hapa nje.” Naye alisema kweli, walikuwepo, na tuliwaona wakisogea. Kijana wetu ana mke na watoto wawili, kodi ya nyumba ilikuwa ya miezi miwili nyuma, na mama yake ndiye aliyetuambia habari hiyo kabla hatujaondoka. Tulimwona akimeza mate. Kisha akasema kwa adabu, “Basi mpe mmoja wao, kaka. Lakini mwambie kuna upepo unatoka.” Akaanza kuutoa mfuko wake wa nguo.

Hatujui kama ni maneno hayo au ni kuwapo kwa mzee mwenye kanzu anayetazama. Wakala alimwita fundi. Kilichobadilishwa ni kipete cha mpira ambacho bei yake haikufika chakula cha jioni cha watu wawili. Tuliondoka jua likielekea kuchwa. Wale kumi walibaki. Tunalitaja hili kwa kuwa safari nyingine wakala hana haja ya kuita fundi. Huita jina la pili.

Njia yenyewe ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mazeras ina minazi ya mwisho mwisho na mteremko wa kwanza wa kumpima dereva. Mariakani tulipanga foleni mizanini, lori nyuma ya lori, wauza korosho wakipita madirishani. Baada ya Samburu na Taru nyika hufunguka, michongoma pande zote, na usiku ule mbalamwezi iliifanya ardhi nyekundu ionekane kama maji. Kijana aliendesha kwa mwendo usiobadilika, akiacha nafasi kubwa mbele yake, na kila gari dogo lilipojiingiza katika nafasi ile yeye alirudi nyuma tena bila kuguna. Tulimwuliza kwa nini hawapigii honi. Akasema kontena haisikii breki upesi kama sisi tunavyodhani. Uzito wake huendelea na safari dereva akishasimama.

MacKinnon Road tulisimama kuswali, tukakusanya Magharibi na Isha. Pale, kando kabisa ya reli, pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyetoka Punjab kuja kufanya kazi katika ujenzi wa reli ya Uganda. Madereva wengi, hata wasio Waislamu, hupunguza mwendo au husimama pale wakitaraji usalama. Kuhusu yafanywayo makaburini wanavyuoni wana maneno yao, nayo si mada yetu. Tuliloliona sisi ni kwamba madereva waliosimama walinawa uso, walinyoosha migongo, walikunywa maji, na mmoja alilala robo saa juu ya mkeka. Kusimama huko peke yake kuna faida.

Wengine hawasimami. Hutafuna miraa au muguka ili macho yasifumbe, kwa sababu malipo ni ya safari na si ya saa, na anayefika mapema huitwa tena mapema. Ile sheria ya saa 8 ni ngumu kumshika mtu ambaye hana daftari, wala mwajiri anayejulikana.

Njiani baada ya hapo kijana alituhadithia sehemu ambazo sisi tungeshuka kabla ya kuzifika. Hatari yenyewe, alisema, iko mbele ya Nakuru, katika miteremko ya Sachangwan na Salgaa. Sachangwan ndipo lori la mafuta lilipopinduka tarehe 31 Januari 2009, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Si mbali na huko, katika makutano ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023 lori lenye kontena liliacha njia na kuwavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando, wakafa zaidi ya 50. Hatusemi lolote juu ya waliokuwa usukanini siku hizo. Ila kijana alitueleza tabia moja ya barabara ile: dereva akifika kileleni hutoa gia, akaliacha lori literemke kwa uzito wake ili aokoe dizeli, na dizeli iliyobaki huuzwa. Lori likiwa nje ya gia, injini haisaidii tena kulizuia. Breki hubaki peke yake, hukanyagwa tena na tena, hupata moto, na ikishapata moto haishiki. Anayejua huchagua gia nzito kabla ya kuteremka, si katikati, kwa sababu katikati gia huenda isiingie. Kumbukeni ile gia ya tatu.

Hapa tuseme neno la fiqhi, kwa kuwa tumeulizwa mara kadhaa na kina mama ambao waume zao walipatwa na ajali. Mtu akimwua mwingine kwa makosa, bila kukusudia, dhambi ya kukusudia haimpati. Lakini diya ni haki ya warithi wa marehemu, na kafara yamlazimu muuaji: leo hii, ambapo hapana mtumwa wa kumwacha huru, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Wako vijana mitaani mwetu wanaoidaiwa saumu hiyo na hawajui. Kadhalika, dereva wa kawaida anayempa rafiki usukani bila mwenye lori kujua amevunja amana, na bima inaweza kukataa kulipa.

Tena kuna haki za deiwaka mwenyewe. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa na mkataba, alipwe kwa mwezi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo humtaka mwajiri awawekee bima wafanyakazi wake. Lakini ili mtu adai, ni lazima awe na ushahidi kwamba alikuwa katika lori lile, siku ile, kwa idhini ya mwenye lori. Ujumbe wa simu wenye namba ya gari ni ushahidi. Kuitwa kwa mdomo ni vigumu kukuthibitisha.

Mke wa kijana wetu amelifahamu hilo bila kufundishwa. Alimwonyesha ahli yetu daftari la shule alilolipigia mistari kwa rula. Kila mumewe anapoitwa, huandika namba ya lori, simu ya mwenye lori, mzigo, mahali aendako, na saa aliyoanza kuendesha. Hampigii simu akiwa usukanini, humpigia tanboi. Zikipita saa 8 humwambia tanboi amkumbushe kulala, na saa ya kulala ina safu yake ya mwisho, upande wa kulia. Ahli yetu alihesabu safari 23 katika daftari lile. Safu ya kulala ilikuwa imejazwa mara 6.