Nesi Anayeringa

Kuna dada mmoja anaishi Mbagala, ni nesi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Mtaani wanamwita "nesi wa vichaa". Akipita kijiweni, wahuni wanamtania: "Sista, na sisi tuandikie kitanda Mirembe!" Anacheka, anapita zake. Keshazoea.

Kinachowakera watu ni kingine: dada anaringa. Ukikutana naye Kariakoo au harusini, hakusalimii mpaka uanze wewe. Hata mama yake mdogo kashamsema: "Mwanangu, siku hizi salamu unauza?"

Hajamjibu, maana angejibu nini? Mgonjwa akitoka wodini, nesi ndiye anabaki na siri yake. Akimchangamkia mbele za watu, aliyekaa naye lazima ataulizia: "Yule mnajuana wapi?" Hapo kibarua, mchumba, hata chumba alichopanga, vyote vinaweza kuondoka kwa salamu moja. Na akisalimia wote halafu akamruka mmoja, watu watahisi kitu. Kwa hiyo kaamua hamuanzi mtu. Ukimuanza, anaitikia kwa furaha. Usipomuanza, mnapishana tu.

Sasa asubuhi moja kapanda daladala ya Kariakoo, akakuta konda mgeni. Akamtambua hapohapo.

Kijana yule aliletwa wodini na ndugu zake, mikono imefungwa kamba, analalamika kuwa redioni wanamtaja jina. Walikuwa wameshamzungusha kwa waganga mpaka hela ikaisha. Nesi ndiye aliyemfungua ile kamba. Siku za mwanzo dawa zilimkaza shingo, mikono ikawa inatetemeka, ndugu wakasema bora hata ule ukichaa. Nesi akawaelewesha kwamba dawa huwa zinafanya hivyo kwa baadhi ya watu, na kwamba zinarekebishika. Daktari akapunguza dozi, akamuongezea na kidonge cha kutuliza misuli. Kijana akakaa sawa.

Kazi yenyewe ikaja baada ya hapo. Kijana kajiona mzima, hataki tena dawa. Hapo ndipo wengi wanapoacha, wanarudi tena na kamba zao. Nesi hakumgombeza. Kila jioni alikaa naye kwenye benchi wakipiga stori za Simba na Yanga, dawa anaigusia kidogo tu. Ilichukua wiki kadhaa mpaka mwenyewe akakubali sindano ya kila mwezi.

Leo kaning'inia mlangoni, sauti imemkauka: "Kariakoo! Kariakoo! Siti zipo!"

Akaanza kukusanya nauli. Alipofika siti ya nesi, wakakutana macho. Nesi akageukia dirishani, buku lake kalishika mkononi. Konda akamruka, akamgeukia abiria wa pembeni.

"Wewe, mbona huyu dada humdai?" mama mmoja akauliza.

"Huyu keshalipa," konda akasema, akaendelea na nyuma.

Yule mama akamtazama nesi juu mpaka chini. "Kwani mnajuana?"

"Hapana, mama."

Kituoni nesi akashuka taratibu. Konda akagonga bodi mara mbili, gari ikaanza kuondoka.

"Siku njema, sista!"

Makonda wote wa Dar wanawaita wanawake sista. Hakuna aliyegeuka kuangalia.