Skuta Iliyokosa Pumzi Njiani Lushoto

Msafiri atokaye Tanga kwenda Lushoto hudanganywa na barabara. Toka Muheza hadi Segera, kisha Korogwe na Mombo, njia ni ya kuteleza tu: mashamba ya katani huku na huku, na milima ya Usambara imekaa mkono wa kulia kama ukuta wa buluu usiomhusu. Mombo ndipo barabara inapougeukia mlima wenyewe, na katika kilomita zipatazo 33 humpandisha hadi karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Mimi na mama watoto tulifika Mombo saa nane mchana, tumepanda skuta kuukuu, ya petroli ya kuchanganya na oili, tuliyorithi kwa marehemu mjomba. Tulikuwa tunakwenda kumjulia hali mama mkwe, aliyekuwa kitandani wiki ya pili, na kikapuni mlikuwa na dawa zake. Mabasi yalikuwapo. Ni mimi niliyeng'ang'ania skuta, nikisema mlima hautazamwi kupitia kioo cha dirisha.

"Mimi nimezaliwa huko," mke wangu alinijibu. "Nimeutazama vya kutosha."

Sina budi kuungama kwamba ugonjwa wa chombo kile niliujua. Mjini Tanga, kila nilipokaza mwendo kilianza kukwama. Fundi wa mtaani kwetu alisafisha kabureta, akabadili plagi, skuta ikaenda vizuri. Baada ya siku tatu, yale yale. Nilimrudishia, naye akaisafisha tena. Ilipokwama mara ya tatu nilimwendea nikamwita mwizi mbele ya wateja wake, nikakataa kumlipa ujira wa mara ya pili. Hakunijibu neno. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea na kazi yake.

Kupanda kutoka Mombo si mchezo. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo, na kona hufuatana bila kumpa mtu nafasi ya kumeza mate. Nilikoleza resi, na badala ya kunguruma injini ikazama sauti, mithili ya mtu aliyezibwa pua. Nyuma yetu basi la abiria lilipiga honi. Tulijivuta hadi ukingoni, mke wangu akaruka na kikapu chake, na basi likapita karibu kiasi cha kuupeperusha mtandio wake. Hakusema kitu, na ukimya ule ulinitia hofu kuliko honi.

Injini ilikubali kuwaka, ikaunguruma kwa upole; nilipokoleza, ikafa. Kwanza niliilaumu hewa. Ni kweli kwamba hewa ya mlimani ni nyepesi, na injini hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kila inapopanda meta 1,000. Lakini hasara hiyo hukichosha chombo tu, haikiui. Nikaishuku klachi. La, klachi ikiteleza injini hupiga makelele na gurudumu likabaki nyuma. Hii yangu ilikuwa inanyamaza. Masizi katika ekzosi? Ni ugonjwa wa kawaida wa injini zinazochoma oili, ila masizi hayaji na kuondoka. Mwishowe nilivuta choki, na resi ikashika kwa nukta chache. Hapo nikajua kwamba injini ilikuwa na njaa ya petroli, ilhali tangi lilikuwa limejaa nusu.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "mbona tukipumzika inapona? Tangu Mombo hii ni mara ya nne. Tukikaa kidogo, inakwenda kona sita au saba, halafu inazimia. Ingekuwa uchafu umeziba, si ungeziba moja kwa moja?"

Nikainua kiti, nikafungua kifuniko cha tangi. Fyuu! Tangi likavuta hewa kama mzamiaji aliyeibuka. Na chini ya kifuniko nikakiona kipande cha nailoni nilichokitandika kwa mikono yangu wakati wa masika, ili maji ya mvua yasiingie.

Kifuniko kile kina tundu dogo la hewa. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta, sharti hewa ishike nafasi yake, vinginevyo haishuki. Kila mama wa nyumbani anajua: kopo la maziwa ukilitoboa tundu moja tu, maziwa hugoma kutoka. Katika tambarare injini hunywa kidogo, na hewa iliyopenya pembeni mwa nailoni ilitosha. Mlimani hudai mengi. Na fundi kila alipofungua bomba la petroli, hewa iliingia tangini bila yeye kujua.

Tuliivuka Soni na maporomoko yake, tukapita mabonde ya kabichi na karoti, tukaingia Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kabla ya magharibi. Mama mkwe alipokea dawa zake, akauliza kwa nini tumechelewa. Mke wangu alisema ni mlima.

Tuliporudi Tanga nilikwenda kwa fundi na ujira wake. Nilingoja hadi wateja wawili wafike, kwa sababu nilimtukana mbele ya watu. Alisikiliza habari ya nailoni mpaka mwisho, akahesabu fedha, akaizungusha skuta mara moja uwanjani pake.

"Klachi nayo imeanza kuteleza," akasema.

Nikaiacha hapo.