Chura Mmoja au Wawili?

Nataka kuwasimulia ugomvi wa vyura ambao haujaisha mpaka leo.

Kabla ya mwaka 2023 nilikaa Lilongwe kwa mjomba wangu, aliyekuwa na duka dogo. Nyuma ya duka palikuwa na kidimbwi. Mvua zilipoanza vyura walilia usiku kucha, nami nikatambua sauti mbili: moja ilikwaruza kama kijiti kipitishwacho katika meno ya kitana, na ya pili ilikuwa mluzi mfupi. Mimi na rafiki yangu Mmalawi tukakamata wawili. Wote rangi ya udongo, wote ukubwa mmoja. Akasema, "Chule ni chule." (Ndivyo Wachewa wamwitavyo chura, hata majina yenyewe ni ndugu.) Nikamwambia kwamba hana masikio. Tukanuniana.

Mwaka ule wakimbizi tuliokaa mjini tuliagizwa kurudi Dzaleka. Nikaondoka bila kuagana naye.

Juzi nimesoma habari iliyonirudisha kidimbwini. Mwaka 1905 mtaalamu wa Berlin, Gustav Tornier, aliandika juu ya chura wa milima ya Tanzania asiyetaga mayai, bali huzaa vyura wadogo waliokamilika, bila kupitia hali ya viluwiluwi. Tangu hapo wengi wa namna hiyo, wa misitu mbalimbali, wakaitwa kwa jina lilelile. Kumbe ndani ya jina hilo zilijificha spishi tatu, zilizotangazwa mwaka 2025! Wataalamu walilinganisha maumbo na vinasaba, hata vya vyura waliokaa katika makumbusho zaidi ya miaka 120.

Wala jina si jambo dogo. Chura aliyedhaniwa kuenea milima mingi huonekana hana hatari. Lakini ikiwa kila mlima una wake, msitu mmoja ukikatwa, wake amekwisha.

Nikampelekea rafiki yangu habari hii, nikidhani nimeshinda. Akanijibu kwa upole kwamba chura mmoja aweza kuwa na milio miwili. Ni kweli, sikuwa nimelifikiri hilo. Akaongeza kwamba kidimbwi kimefukiwa, na pamejengwa nyumba.

Usiku ule nilichukua tochi nikaenda kwenye mtaro ulio karibu na kisima chetu. Mluzi niliusikia. Nikangoja ule mkwaruzo mpaka baridi ikanishinda.