Kabla ya kununua brashi ya draya

Akina baba, msiruke ukurasa huu, maana pesa ninazozungumzia ni za nyumba nzima.

Siku hizi sanduku likitoka kwa ndugu zetu waliohamia Marekani, halikosi kitu cha nywele. Kinachovuma ni hii brashi ya draya. Ina mpini kama brashi ya kawaida, kichwa kinene chenye meno, na ndani kuna feni na moto. Unachana huku inakausha, na mkono mmoja unatosha. Mtoto wa dada yangu, ninayekaa naye tangu tutoke Fizi, anasuka watu hapa uani, na pesa hizo ndizo za sabuni na madaftari. Juzi alitaka kutoa akiba yake yote anunue brashi ambayo jirani alitumiwa na sasa anaiuza. Nikamwambia, mwanangu, ilete kwanza tuisome.

Ndiyo, tuisome. Kwenye mpini au karibu na plagi kuna maandishi madogo, na wewe tafuta herufi V na W. Ile ya jirani iliandikwa 120V na 1000W. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa hapa Kenya ni volti 240. Sasa sikilizeni vizuri: waya wa moto uliotengenezewa volti 120 ukichomekwa kwenye 240, nguvu yake haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Wati 1,000 zinakuwa karibu 4,000, basi subiri moshi. Na soketi zetu ziko wapi? Juu ya godoro la sponji, kando ya pazia na turubai.

Watu wanasema, "Weka adapta tu." Jameni, adapta ile ndogo ya dukani inabadilisha umbo la miguu ya plagi ili iingie ukutani. Volti haizigusi hata kidogo. Ukiona 220-240V, hiyo ni ya huku. Ukiona 100-240V, inakubali pande zote mbili. Kwa hiyo ukiongea na dada yako aliye kule, mwambie akusomee maandishi hayo kabla hajalipa.

Halafu wati. Wati 1,000 ni sawa na taa 100 za wati 10 zinazowaka pamoja. Paneli ya sola ya wati 50 iliyo juu ya bati inachaji simu na kuwasha taa, lakini draya haiwezi. Sisi tunaolipia laini ya jenereta tunajua mwenyewe anavyosema: pasi hapana, jiko la umeme hapana. Draya iko kundi hilohilo. Ukiiwasha kwa siri, mtaa mzima unaingia gizani na wanakujua ni wewe.

Binti yetu alirudisha ile brashi, pesa zake zikabaki. Alinuna siku mbili, si kidogo.

Tuseme umepata yenye volti sawa, na saluni fulani inakuruhusu kutumia umeme wao kwa malipo. Bado angalia kichwa chake. Zile za mviringo, zenye meno yamejaa kote, zinafaa nywele laini au zilizotiwa dawa. Nywele zetu za kipilipili zikizungushwa humo zinajifunga fundo, na kulitoa fundo hilo ni machozi. Mimi ningechagua draya yenye meno marefu kama kitana, yaliyoachana. Haipendezi kwenye picha, lakini inafika hadi kwenye mizizi.

Nywele zisiwe zinachuruzika maji. Zikamue kwa kitambaa, ziache hadi zibaki na unyevu kidogo. Gawa mafungu manne au sita, pitisha kitana kwa vidole vyako kwanza kufungua mafundo, na anzia kwenye ncha ukipanda juu taratibu. Ukianzia kwenye mizizi unasukuma mafundo yote yarundikane chini, hapo ndipo nywele zinakatika tukidhani tumelogwa. Moto uwe mdogo, na usirudie fungu moja mara tano. Ukisikia harufu ya kuungua, zima. Na vumbi letu hili la Kakuma linaziba vitundu vya kuvutia hewa. Hewa ikikosa kupita, moto unabaki ndani. Chomoa, iache ipoe, kisha usugue vitundu kwa mswaki mkavu.

Lakini nyumba nyingi hazina hata huo umeme wa kulipia, na harusi hazingoji. Hapo narudi kwa uzi, ule mweusi wa kusukia ambao mama zetu kule Kivu walitumia. Joto la draya linanyoosha nywele kwa muda tu, maji au jasho likigusa zinarudi kujikunja. Uzi unafanya kazi ileile polepole: nywele zikikauka zikiwa zimevutwa, zinabaki zimenyooka.

Osha jioni, paka mafuta kidogo, gawa mafungu madogo. Funga uzi kwenye mzizi, uzungushe kushuka hadi ncha, kisha funga. Usivute mpaka ngozi ya kichwa iinuke, hasa pale mbele kwenye paji na kwa watoto wadogo, maana nywele za hapo zikivutwa hivyo mara kwa mara huenda zikatoka zisirudi. Lala na kitambaa kichwani. Asubuhi gusa fungu moja la nyuma: likiwa baridi bado lina maji, liache. Likiwa kavu, fungulia uzi kuanzia kwenye ncha, chana kwa vidole kabla ya kitana, na uzi usiutupe. Uoshe, uanike, utatumika tena wiki ijayo.