Yosefu aliyeitwa Yusto



Mwaka jana vijana saba wa parokia yetu, iliyo kando ya Ziwa Kivu, walifanya konkuru ya kuingia fakulte ya udaktari. Wote saba walikuwa wameshinda Mtihani wa Serikali, na mmoja wao alikuwa na asilimia 74. Siku orodha ilipobandikwa ukutani tuliwasindikiza. Majina ya wawili yalikuwemo. Watano waliisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kana kwamba jina laweza kuchelewa njiani.

Dominika iliyofuata tuliweka nia ya Misa ya shukrani kwa ajili ya wale wawili. Kwaya iliimba na mama zetu wakapiga vigelegele. Wale watano walikuwa kanisani pamoja nasi, wala hatukuwataja. Hatukuwa na nia mbaya. Hatukujua la kusema, basi tukanyamaza. Lakini mmoja wao, aliyekuwa mwimbaji wetu wa sauti ya tatu, hakuonekana tena mazoezini kwa muda wa miezi minne. Tunaandika tafakari hii kwa sababu ya miezi hiyo.

Tulipokwenda kumwona nyumbani kwao, tulimwambia kwamba yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akauliza: «Ninyi mmejuaje?» Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumelitumia jina la Mungu kama mtu anayefunga mlango ili mazungumzo yaishe.

Tulipozidi kutafakari, tulikumbuka habari iliyo katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Yuda alikuwa ameiacha nafasi yake, na Petro alitaka ijazwe. Aliweka sharti: awe mtu aliyefuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yohane hadi siku ya kupaa. Wakapatikana wawili, Yosefu Barsaba aliyeitwa pia Yusto, na Matia. Wakasali, wakapiga kura, na kura ikamwangukia Matia. Kila mwaka, tarehe 14 Mei, Kanisa humwadhimisha Matia. Je, nani kati yetu amewahi kusikia mahubiri juu ya Yusto?

Naye alikuwa ametimiza sharti lote. Alitembea njia zile zile na kuyaona mambo yale yale. Maandiko hayamtajii kosa lolote, wala hayasemi kwamba alikuwa na imani haba kuliko mwenzake. Kiti kilikuwa kimoja na watu walikuwa wawili. Baada ya hapo habari yake inakoma. Hatuambiwi kwamba alilipwa kwa jambo kubwa zaidi, nasi tunaona heri kwamba hatuambiwi. Sisi tumezoea kuwafariji walioanguka kwa mfano wa Mtakatifu Yohane Maria Vianney, ambaye aliondolewa katika seminari ya Lyon kwa sababu ya Kilatini, akapewa upadri mwaka 1815, na leo ni msimamizi wa maparoko. Mfano huo ni wa kweli na ni mzuri. Ila humfanya kijana adhani kwamba kukataliwa kunastahimilika tu iwapo baadaye atakuwa mtu mashuhuri. Yusto anamfaa zaidi yule aliyerudi nyumbani jioni ile na kuinjika chungu cha maharage kama siku nyingine zote.

Fakulte nayo ina viti vyake. Meza za maabara zina hesabu, na walimu ni wachache. Tuseme nafasi ni 100 na waliokuja ni 900: ni lazima mstari upigwe mahali fulani, na kati ya wa 100 na wa 101 huenda pana nusu ya alama tu. Karatasi ile hupima kemia, biolojia na Kifaransa cha asubuhi moja. Baba aliyemwambia mwanawe, «Umetuaibisha,» aliisoma karatasi hiyo kana kwamba imepima ukoo mzima.

Ukweli una upande wake wa pili, nao tusiufiche. Wawili kati ya wale watano walikiri kwamba kemia hawakuijua. Shule yao haikuwa na maabara, na vitabu walivifungua majuma matatu tu kabla ya mtihani. La maabara halikuwa kosa lao. La majuma matatu lilikuwa lao. Walituambia wenyewe, na tuliwaheshimu kwa hilo.

Kisha alikuja mtu wa kati. Alifika nyumbani kwa mmoja wa wasichana akidai kwamba nafasi chache zimebaki, na kwamba kwa dola 300 jina laweza kuongezwa. Mama wa binti alikuwa tayari kuuza cherehani yake. Tukiri kwamba hata sisi tuligawanyika. Wengine walisema kila mtu hufanya hivyo. Binti aliuliza swali moja tu: «Na jina litakalofutwa ni la nani?» Hatuna shaka kwamba alimkumbuka Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu. Cherehani haikuuzwa. Mama alikaa majuma mawili bila kumsemesha binti yake.

Binti huyo atarudia konkuru mwaka huu. Mwingine amejiandikisha katika masomo ya uuguzi. Anayapenda, ila bado huzunguka kwa njia ya mbali asipite mbele ya lango la fakulte. Mwimbaji wetu alirudi jioni moja ya Alhamisi. Mwalimu wa kwaya hakutoa hotuba, alimpa kitabu cha nyimbo na kumwonyesha ukurasa.

Mwaka huu watakwenda tisa. Tumeomba nia ya Misa mara mbili, kabla ya mtihani na baada ya orodha kubandikwa. Katibu wa parokia alituuliza, kwa ile Misa ya pili, aandike majina gani katika daftari. Tulimtajia yote tisa, naye akayaandika kwa wino.